Khitma ya Ramadhani: Tunahesabu juzuu, aya zinatupita



Ndugu Waislamu, kila mwezi wa Shaabani ukikaribia kwisha, misikitini mwetu huanza jambo moja zuri. Watu hujipanga makundi ya kuhitimu Qur'an ndani ya Ramadhani. Wapo wanaogawana juzuu 30 ili kundi zima lihitimu kwa siku moja, na wapo wanaoshindana kila mtu peke yake. Siku hizi makundi hayo yamehamia kwenye simu, na ukifungua simu yako baada ya daku unakuta mtu ameshaandika: "Juzuu ya saba tayari." Hesabu yenyewe si ngumu. Msahafu unaochapwa Madina una kurasa 604, kila juzuu ni kama kurasa 20, kwa hiyo anayesoma kurasa nne baada ya kila swala ya faradhi anamaliza juzuu moja kwa siku.

Mimi nimekuwa katika makundi hayo tangu ujana wangu, na sina ugomvi nayo. Ramadhani ndio mwezi ulioteremshwa Qur'an. Katika mwezi huu Jibril (A.S.) alikuwa akimjia Mtume (S.A.W.) kudurusu naye Qur'an, na mwaka wa mwisho wa uhai wake walidurusu mara mbili. Kwa hiyo kusoma pamoja katika mwezi huu ni sunna yenye asili, na asiulaumu mtu mkusanyiko wa kheri. Ninalotaka kulisema ni jinsi tunavyosoma, na nitalisema kwa kujisema mwenyewe, maana kumsema jirani ni rahisi mno.

Ramadhani ya mwaka 1427 (2006), katika msikiti wetu hapa Magomeni, mfadhili mmoja aliahidi kanzu na msahafu kwa mtu atakayetangulia kuhitimu. Tulijiandikisha watu 12. Ukabandikwa ubao karibu na mlango wa kutawadhia, kila mtu na jina lake, na kila ukimaliza juzuu unatia alama. Wallahi tulisoma! Mtu yumo ndani ya daladala midomo inatembea, mwingine yupo dukani kwake Kariakoo, mteja anauliza bei ya kitenge, anajibiwa kwa vidole. Mshindi alihitimu siku ya tisa. Mimi nilikuwa wa tatu, siku ya kumi na mbili, na nilijiona mtu mkubwa.

Siku ya kukabidhi zawadi, ustadhi wetu anayesomesha madrasa alimpongeza mshindi, halafu akatuuliza sote kumi na wawili swali jepesi: aya za kufunga tunazijua, maana kila Ramadhani tunazisikia kwenye hotuba, je, aya inayofuata mara tu baada ya aya hizo inazungumzia nini?

Hakuna aliyejibu. Watu 12, waliohitimu msahafu mzima mwezi huo huo, wakatazamana.

Aya za kufunga katika Suratul Baqara zinaanza 183 na kukoma 187. Ya 188, ambayo inafuata hapo hapo, inakataza watu kula mali zao kwa dhuluma baina yao, na kuzipeleka kwa mahakimu ili wapate kula sehemu ya mali ya watu hali wanajua. Yaani Mwenyezi Mungu ametoka kutuzuia chakula chetu cha halali mchana wa Ramadhani, na neno linalofuata ni kutuzuia mali ya haramu mwaka mzima. Hotuba zetu nyingi huishia 187. Tunafika kwenye adabu za itikafu, tunafunga msahafu, tunakwenda kwenye futari.

Hapa niweke jambo wazi, kwa sababu wapo watakaodhani nadharau kisomo cha Kiarabu cha asiyejua maana. Hasha. Kila herufi ina malipo ya kheri kumi, kama alivyofundisha Mtume (S.A.W.), na anayesoma kwa tabu na kukwama ana malipo mawili. Bibi yangu alisoma Yasini maisha yake yote bila kujua tafsiri ya aya moja, na ninataraji kwa Mola wake amekuta malipo. Lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo, Abdullah bin Amr alipotaka kuhitimu kwa haraka, alimwambia ahitimu kwa mwezi, na alipozidi kuomba akamteremshia hadi siku saba. Imepokewa pia kwamba anayehitimu chini ya siku tatu hakufahamu alichosoma. Na Imam Malik ametaja katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar alikaa miaka minane akijifunza Suratul Baqara. Mwarabu huyo, lugha yake ndiyo iliyoteremkia Qur'an, miaka minane sura moja. Sisi tuliimaliza kwa asubuhi mbili.

Na kisingizio cha lugha kilikwisha zamani. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilichapwa Nairobi mwaka 1969, na ile ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani imekuwepo tangu miaka ya 1990. Tuseme kweli: nyumba ngapi zina Farsy juu ya kabati, imefungwa kwa kitambaa, inashushwa mtu akifa tu?

Ramadhani iliyofuata, ya 1428 (2007), ustadhi akabadilisha mashindano. Hakuna kanzu, hakuna ubao. Kila siku baada ya swala ya Alasiri tunakaa duara, mmoja anasoma Kiarabu, mwingine anasoma tafsiri, na ustadhi anafafanua. Sharti lilikuwa moja: aya haivukwi mpaka kila mtu ameulizwa inamgusa wapi. Baadhi ya wazee walipinga. Walisema watu wasio wasomi wakipewa tafsiri watajitolea fatwa, na hofu hiyo ina ukweli, nimeyaona hayo. Ndiyo maana duara letu halikukaa hata siku moja bila mwalimu, na swali la hukumu halikujibiwa na sisi, lilipelekwa kwa masheikh.

Kati ya wale 12 tulibaki saba.

Aya ile ya 188 tulikaa nayo siku mbili nzima. Mmoja wetu alikuwa karani wa ofisi. Akauliza kama "chai" anayopewa na mtu ambaye faili lake linasukumwa mbele imo humo. Wakati huo watu walikuwa bado wanabishana juu ya takrima, ambayo Mahakama Kuu ilikuwa imeibatilisha mwaka mmoja nyuma, 2006, kwa hiyo mjadala ulipamba moto. Kila mmoja alikuwa na maneno, mimi nikiwa mbele. Nilizungumza sana siku ile kuhusu wanasiasa.

Siku ya kumi na moja ya mfungo tukafika juzuu ya nne, mwanzo wa Suratun Nisaa. Aya ya saba inasema wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake nao wana fungu, kiwe kidogo au kingi. Ya kumi na moja inataja mafungu yenyewe. Ya kumi na tatu na kumi na nne zinasema hiyo ni mipaka ya Mwenyezi Mungu, na zinataja pepo kwa anayetii na moto kwa anayeivuka. Ustadhi akaanza kuuliza kama kawaida, mmoja mmoja, inakugusa wapi? Ilipofika zamu yangu nilisema hainigusi, mimi sina maiti wa karibuni.

Baba yangu alifariki mwaka 1989. Mama alikuwa ametangulia. Aliacha nyumba moja ya vyumba sita, ya ukumbi katikati, vyumba viwili vya mbele ni fremu za maduka. Aliacha watoto wawili: dada yangu mkubwa, aliyeolewa Tanga, na mimi. Kwa miaka 18 nilikuwa nakusanya kodi ya nyumba nzima. Sikumfukuza dada, sikughushi karatasi, wala hatukugombana. Nilisema tu moyoni kwamba ameolewa, ana kwake. Kila Idi nilimpelekea doti ya khanga na nauli ya watoto, na watu wakanisifu kwamba namjali dada yangu. Nilimsifia khanga zilizonunuliwa kwa fedha yake mwenyewe!

Usiku ule tarawehe sikuisikia. Hesabu haikuhitaji sheikh: mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, vyumba sita, viwili ni vyake. Aya hizo hizo nilizisoma mwaka uliopita, pengine siku ya pili ya mashindano, nikatia alama ubaoni.

Nilimpigia simu kesho yake. Nilizunguka sana kabla ya kusema. Aliponyamaza nilidhani simu imekatika.

"Sisi huku darsa ya wanawake tulishaipita aya hiyo, mdogo wangu," akasema. "Nilikuwa nakungoja uifikie."

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, watu wangesema nimekuja kuvunja nyumba ya baba."

Nalieleza hili kwa kuwa najua wapo dada wengi katika mji huu wanaongoja hivyo hivyo, na kaka zao wanasoma juzuu kwa siku.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi kama kwenye hadithi. Nilikuwa nimeshamtengea, kichwani mwangu, vyumba viwili vya uani. Dada akataka vya mbele, vya fremu, na nilikasirika, nakiri. Tukaenda kwa sheikh anayejua faraidhi. Akatuambia mirathi hugawanywa kwa thamani, si kwa kuhesabu milango, na fremu mbili za barabarani zilizidi theluthi. Akampa fremu moja na chumba kimoja cha ndani, tukalinganisha kwa wathamini wawili. Kuhusu kodi ya miaka 18, alitoa kwanza gharama nilizotumia kwa matengenezo, mabati na kodi ya majengo, kisha akasema theluthi ya kilichobaki ni deni shingoni mwangu, labda mwenyewe asamehe. Akamgeukia dada akamwambia asisamehe kwa kuona haya, maana msamaha wa haya si msamaha. Dada akaenda kufikiri wiki mbili. Alisamehe miaka kumi na mitatu ya mwanzo, ya wakati watoto wangu wadogo, na mitano ya mwisho akaidai. Nililipa kwa awamu, nikamaliza mwaka 2011.

Ramadhani ile ya 2007 iliisha tukiwa juzuu ya kumi na moja, Sura Yunus. Msikiti wa jirani walikuwa wamehitimu mara tatu na wakasoma dua kubwa, na sisi tukatazamwa kama wavivu. Tuliendelea kila Alhamisi baada ya Magharibi, hadi tukahitimu Shaabani ya mwaka uliofuata. Yule karani alihama idara. Mwenzetu mwingine, fundi cherehani, alisimama kwenye aya ya kuandikiana madeni, Baqara 282, ndefu kuliko aya zote za Qur'an, na tangu hapo hakopeshi wala hakopi bila daftari na mashahidi, mpaka wateja wengine wamemkimbia.

Tangu wakati ule duara haijavunjika. Kisomo cha khitma kwa Kiarabu tumekirudisha, kila mtu nyumbani kwake na kwa kasi yake, na hakuna anayeulizwa yuko juzuu ya ngapi. Ya tafsiri tunaianza mapema, mwezi wa Rajabu, ili isigongane na pilikapilika za futari. Juzuu ya nne tunaipangia siku sita, na siku hizo sita tunawaomba wanaume waje na dada zao.