Msimamo wa Ligi kwa Linki Moja: Kuligeuza Jedwali Lako Kuwa Ukurasa wa Wavuti

Ligi nyingi za mtaani zina ugonjwa uleule. Jumapili jioni katibu anapiga picha ya skrini ya msimamo na kuitupa kwenye grupu la makocha. Makocha wanaisambaza kwa wachezaji, wachezaji kwa mashabiki. Jumatano zinachezwa mechi mbili za viporo, inatoka picha mpya, lakini ile ya zamani bado inazunguka. Alhamisi mtu amesimama mbele ya kibanda cha chipsi, simu mkononi, anaapa timu yake iko nafasi ya tatu na ushahidi anao. Picha nzuri zaidi haitamaliza ubishi huo. Wape watu linki moja isiyobadilika, ifungue jedwali linalobadilika.

Majedwali ya Google yanaifanya kazi hiyo bila malipo. Anayesoma hahitaji akaunti wala programu yoyote. Akigusa linki, ukurasa unafunguka kwenye kivinjari kama tovuti nyingine. Nimechagua mfano wa ligi kwa sababu kila mtu anaujua, lakini ukiwa unatunza bei za mazao za wiki, ratiba ya zamu za maji au orodha ya vitabu vya maktaba ya shule, hatua ni hizihizi.

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kushiriki faili ni kumpa mtu ruhusa ya kuingia kwenye faili lenyewe, hata kama ni kwa kutazama tu. Kuchapisha ni kutoa ukurasa wa pembeni unaoonyesha yaliyomo, wenye anwani yake tofauti, na msomaji haoni fomula wala vitufe. Ukimtumia mtu linki ya kushiriki wakati hujafungua ruhusa, atakutana na kitufe cha kuomba ruhusa, na barua pepe yako itajaa maombi ya mashabiki usiowajua. Jambo la pili ndilo la hatari zaidi: kufunga ushiriki hakufungi uchapishaji. Unaweza kuwaondoa watu wote kwenye faili, ukalala usingizi, na ukurasa uliochapishwa mwezi uliopita ukaendelea kusomwa na dunia nzima.

Ndiyo maana kanuni yangu ni moja na sina mzaha nayo: faili unalofanyia kazi lisiwe faili unalochapisha. Faili la katibu wa ligi lina mengi. Kuna matokeo na msimamo, sawa, lakini kuna pia laha ya usajili yenye majina ya wachezaji, tarehe za kuzaliwa, namba za simu na namba za vitambulisho. Katika ligi ya vijana wengi wao ni watoto kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Hata zisingekuwepo, hakuna mzazi anayefurahi kukuta namba ya simu ya mwanawe iko wazi mtandaoni kwa sababu katibu alibofya haraka.

Wapo wanaodhani kuificha laha kunatosha. Hakutoshi. Mtu mwenye ruhusa ya kutazama tu anaweza kutengeneza nakala ya faili lako, na nakala ikishakuwa yake anafichua kila ulichoficha. Kaunta iwe kaunta na stoo iwe stoo: mteja apewe bidhaa dirishani, asipitishwe nyuma kuchagua mwenyewe.

Basi anza na faili la kazi. Laha ya kwanza iite Matokeo. Safu A ni tarehe, B timu ya kwanza, C magoli yake, D magoli ya timu ya pili, E timu ya pili. Ligi ya mtaa mara nyingi huchezwa kiwanja kimoja, kwa hiyo usihangaike na nyumbani na ugenini. Jaza ratiba yote mapema, magoli yaache tupu hadi mechi ichezwe. Laha ya pili iite Msimamo: timu, mechi, kushinda, sare, kufungwa, magoli ya kufunga, magoli ya kufungwa, tofauti, pointi. Hizo ni safu tisa, A hadi I.

Hapo kwenye sare pana mtego unaonasa karibu kila anayejenga msimamo kwa mara ya kwanza. Ukiiambia kompyuta ihesabu mechi ambazo magoli ya C yanalingana na ya D, itahesabu na zile ambazo hazijachezwa, maana tupu na tupu ni sawa. Ligi haijaanza na kila timu tayari ina rundo la pointi! Dawa ni kuongeza sharti kwamba seli ya magoli isiwe tupu:

=SUMPRODUCT(((Matokeo!B$2:B$200=A2)+(Matokeo!E$2:E$200=A2))*(Matokeo!C$2:C$200=Matokeo!D$2:D$200)*(Matokeo!C$2:C$200<>""))

Mechi ya bila kufungana bado itahesabiwa, kwa sababu sifuri iliyoandikwa si seli tupu. Kushinda na kufungwa havina tatizo hilo, kwani tupu haiwezi kuizidi tupu. Kama kompyuta yako inakataa alama ya mkato ndani ya fomula zitakazofuata, angalia mipangilio ya nchi ya faili. Baadhi ya nchi hutumia nukta-mkato mahali pake.

Jambo dogo linaloumiza: jina la timu liandikwe kwa namna moja. «Stendi FC» na «Stendi F.C» ni timu mbili machoni pa kompyuta. Weka orodha kunjuzi kwenye safu B na E ili katibu achague badala ya kuandika.

Sasa fungua faili jipya kabisa, la umma. Lipe jina linalosomeka, kwa sababu jina la faili ndilo litakalotokea juu ya ukurasa. «Msimamo wa Ligi ya Kata» linafaa. «Nakala ya msimamo mpya final 2» linakuaibisha mbele ya watu. Kwenye seli A3 andika fomula moja tu:

=QUERY(IMPORTRANGE("anwani ya faili la kazi","Msimamo!A1:I13"),"select * order by Col9 desc, Col8 desc, Col6 desc",1)

Hiyo ni ya ligi ya timu 12 pamoja na mstari wa vichwa. IMPORTRANGE inavuta data kutoka faili la kazi, QUERY inaipanga kwa pointi, kisha tofauti ya magoli, kisha magoli ya kufunga. Kama kanuni za ligi yenu zinaanza kuangalia mechi ya timu mbili zilizolingana, fomula hii haitatosha, na ni afadhali kulisema hilo kwa maandishi juu ya jedwali kuliko kuacha watu wagombane. Herufi C ya Col iwe kubwa, la sivyo fomula inagoma. Mara ya kwanza utaona kosa la #REF!; peleka kishale juu ya seli na ubofye kitufe cha kuruhusu.

Ruhusa hiyo ina mkia. Yeyote mwenye haki ya kuhariri faili la umma sasa anaweza kuandika IMPORTRANGE nyingine na kuvuta laha ya usajili. Kwa hiyo haki ya kuhariri faili la umma ibaki kwako peke yako. Msaidizi wa kuingiza matokeo mpe faili la kazi, kama unamwamini nalo.

QUERY nayo ina tabia yake. Huangalia kila safu na kuamua kama ni ya namba au ya maneno kwa kufuata kilicho kingi, kisha kile kichache hukiacha tupu. Ukiandika «imefutwa» kwenye safu ya pointi ya timu iliyojitoa, neno hilo litatoweka kwenye ukurasa wa umma bila kukuambia. Maelezo kama hayo yaandikie safu yake.

Juu ya jedwali weka tarehe ya mechi ya mwisho iliyoingizwa, ili msomaji ajue anasoma cha lini. Usitumie NOW(), kwani itaonyesha saa ya sasa hata kama hujaingiza tokeo kwa wiki tatu. Kwenye faili la kazi tumia =MAXIFS(Matokeo!A2:A200,Matokeo!C2:C200,"<>"), yaani tarehe kubwa kuliko zote kati ya mechi zenye magoli, kisha uivute kwa IMPORTRANGE.

Kuchapisha kwenyewe ni dakika moja. Tumia kompyuta, au kivinjari cha simu katika mwonekano wa kompyuta. Nenda Faili, Shiriki, kisha Chapisha kwenye wavuti; menyu ikiwa ya Kiingereza ni File, Share, Publish to web. Kisanduku kitakuuliza unachapisha nini. Usiache kwenye hati nzima. Chagua laha moja kwa jina lake, maana ukichapisha hati nzima, laha utakayoongeza mwezi ujao nayo itatoka. Aina iwe ukurasa wa wavuti. Hakikisha alama ya kuchapisha upya kila panapotokea mabadiliko imewekwa, kisha thibitisha. Ukitumia akaunti ya kazini au ya shule na ukakuta chaguo limezuiwa, msimamizi wa akaunti ndiye aliyelifunga.

Utapewa anwani ndefu yenye /d/e/2PACX ndani yake na neno pubhtml. Hiyo ndiyo ya kusambaza. Ile inayoishia na edit ni ya faili, usimpe mtu.

Kuhusu muda, watu hupoteza subira bure. Ukurasa uliochapishwa hujisasisha takriban kila dakika 5. Lakini kabla ya hapo data inapaswa kuwa imefika kwenye faili la umma, na IMPORTRANGE hukagua mabadiliko kila saa wakati faili liko wazi. Ukiingiza matokeo kwenye faili la kazi na kuzima kompyuta, usishangae msimamo wa zamani kukaa. Zoea hivi: ingiza matokeo, fungua faili la umma, ona namba zimebadilika, ndipo ufunge. Kisha subiri kabla ya kutangaza kwenye grupu.

Jaribu linki katika dirisha la hali fiche, ambako hujaingia kwenye akaunti yako. Kama inafunguka hapo, itafunguka kwa kila mtu. Jaribu pia kwenye simu ndogo yenye skrini ya kawaida, maana ukurasa huu haujipangi upya kufuata skrini, na msimamo wenye safu tisa pana utamlazimu msomaji kusukuma kushoto na kulia. Punguza upana wa safu, vichwa viwe vya herufi moja au mbili (M, Sh, S, K), ongeza ukubwa wa maandishi. Binafsi ningeondoa hata magoli ya kufunga na kufungwa nikabaki na tofauti. Wanaoyataka ni wachache na wanajua pa kuyauliza. Ukiyaondoa, ingiza safu kwa majina ndani ya QUERY badala ya alama ya nyota. Kupanga kwa Col6 kutaendelea kufanya kazi hata kama Col6 haionekani.

Linki yenyewe haiandikiki kwa mkono, kwa hiyo itengenezee msimbo wa QR na uubandike kiwanjani na kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Kama ligi ina tovuti, kwenye kisanduku kilekile kuna sehemu ya kupachika inayokupa msimbo wa iframe. Na ukichagua CSV badala ya ukurasa wa wavuti, kijana anayejua kuandika programu ataweza kuusoma msimamo moja kwa moja kwa programu yake.

Wanaotumia LibreOffice wanaweza kuhifadhi jedwali kama HTML, lakini huo ni ukurasa uliogandishwa: kila Jumapili utapandisha mpya, na unahitaji mahali pa kuupandisha.

Msimu ukiisha, usifute faili la kazi kwanza, kwa sababu ukurasa wa umma utageuka #REF! siku ambayo bingwa anataka kuwaonyesha ndugu zake. Kwenye faili la umma chagua jedwali lote pamoja na tarehe iliyo juu yake, nakili, kisha bandika thamani pekee kwa Ctrl+Shift+V. Hapo namba zinasimama zenyewe, hazitegemei tena faili la kazi, na laha ya usajili unaweza kuifuta. Kama hutaki msimamo ubaki mtandaoni, rudi kwenye kisanduku kilekile cha kuchapisha na ubofye kusitisha uchapishaji. Kulitoa faili kwenye ushiriki peke yake hakutafanya lolote.