Kushika kwa Mkono na Kushika kwa Moyo



Wengi wetu, hasa vijana wa kipaimara, husoma Biblia ya Kiingereza pamoja na ya Kiswahili, na humo hukutana na neno "grasp". Mwezi huu tulitazame, kwani asiyelijua vema aweza kupotea.

1. Maana ya mkono. Kwanza ni kukamata kitu na kukifumbata, kama mkulima ashikavyo mpini wa jembe. Mtu mwenye tamaa ya mali huitwa "grasping", kwa kuwa mkono wake ukiisha kufumbata hauachii.

2. Maana ya akili. Pili ni kuelewa jambo. Hili si la Kiingereza peke yake. Neno "comprehend" latoka katika Kilatini, na shina lake ni kukamata. Hata Kigiriki cha Agano Jipya kina neno "katalambano", yaani kukamata, kupata, na pia kufahamu. Ndiyo sababu Yohana 1:5 imewapa wafasiri kazi: je, giza halikuielewa nuru, au halikuishinda? Biblia ya Kiingereza ya 1611 ilichagua kuelewa. Agano Jipya la RSV la 1946 likachagua kushinda. Katika Waefeso 3:18, ile ya 1611 ina "comprehend", na NIV ya 1978 ina "grasp". Hapo maana ni kuufahamu upendo wa Kristo.

3. Jihadhari. Katika Wafilipi 2:6 RSV inatumia neno hilohilo, lakini hapo si la akili. Mtu akidhani Paulo anasema kwamba Kristo hakuuelewa usawa wake na Mungu, amekosea sana. Paulo asema Kristo hakuufanya kuwa kitu cha kung'ang'aniwa. Basi maneno ya kabla na ya baada ndiyo yanayotuonyesha maana.

4. Neno letu. Kiswahili nacho kina "kushika". Twashika jembe, mwanafunzi hushika somo. Lakini sisi twaongeza jambo la tatu: kushika amri, yaani kuitii. Mwingereza aweza kusema ame-"grasp" amri, maana yake ameielewa tu, na kesho akaivunja. Kwa kutii anatumia neno lingine, "keep". Kwetu hasemwi mtu kuwa ameshika amri mpaka ameitenda.

Basi wazazi na walimu, mtoto akiweza kusema Katekisimo yote bila kukosea, tumshukuru Mungu, lakini tusiishie hapo. Kukariri ni kushika kwa ulimi. Tumwulize maana yake, kisha tutazame mwenendo wake, na wetu pia, maana mtoto hujifunza kutii kwa kuwatazama wakubwa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
(a) Ni amri gani tunayoielewa vema lakini hatuishiki?
(b) Ni kitu gani tunachokifumbata ambacho yatupasa kukiachilia?

Bwana awe nanyi.