Mafunzo Niliyopata Katika Nyumba ya Kupanga

Maisha yangu mengi Dar es Salaam nimeyaishi katika nyumba za kupanga, kwanza Magomeni na baadaye Temeke. Nazungumzia zile zenye ramani ya Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Kila chumba kina familia yake au kijana wake anayejitafutia.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3 katika mkoa huu. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Mji unaokua hivyo unakalika kwa sababu watu wasio ndugu wamejitungia utaratibu wa kuishi pamoja. Utaratibu huo nimejifunzia kwenye korido.

1. Salamu ni ulinzi

Barazani hakuna mlinzi wa kulipwa, lakini ni nadra kukosa macho. Alfajiri yupo mama anayekaanga vitumbua, mchana wazee wa bao, jioni vijana wa kahawa na kashata. Mpangaji anayepita kimya hubaki mgeni hata akikaa muda mrefu. Anayetoa shikamoo kwa wakubwa na kuwajulia hali wa rika lake hupata watu watakaomzuia fundi asiyeeleweka mlangoni: "Mwenyewe hayupo, njoo jioni."

2. Umeme wa pamoja unataka hesabu ya wazi

Ugomvi mwingi niliouona katika nyumba hizi ulianzia kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mita ni moja, na wa chumba chenye taa na redio anachangia sawa na mwenye friji na pasi. Nyumba zilizotulia zilikuwa na karatasi ukutani: nani ana kifaa gani, anachangia kiasi gani, na uniti zilinunuliwa lini. Nyingine ziliweka mita ndogo kwa kila chumba.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo karatasi hailitibu. Shirika la umeme, TANESCO, lina bei nafuu kwa mteja wa nyumbani ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Familia kadhaa zikikaa kwenye mita moja huvuka kiwango hicho kirahisi, na watu wa kipato kidogo hujikuta wananunua uniti kwa bei ya juu. Tangu 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayekatwa, ingawa jengo si lake. Haki ni mwenye nyumba kuipunguza fedha hiyo kwenye pango, na wapangaji waliolisema hilo kwa pamoja nimeona wakisikilizwa.

3. Kodi ya mkupuo humuumiza mwenye kidogo

Mshahara huja kwa mwezi, kibarua hulipwa kwa siku, lakini chumba hutakiwa kulipiwa miezi sita au mwaka mzima mbele. Juu yake dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Nimewaona majirani wakikopa kwenye vikoba na kuuza vyombo ili wasihame karibu na mitihani ya watoto. Mwenye nyumba akipokea kwa mwezi au kwa miezi mitatu, hudumu na wapangaji wake.

Vyovyote itakavyokuwa, mkataba uandikwe na mashahidi wawepo. Wengi bado huanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mfumo huo ulianza wakati wa chama cha TANU, miaka ya 1960, na ingawa baada ya vyama vingi kurejeshwa 1992 mambo ya kiserikali yako ofisi ya serikali ya mtaa, mjumbe anazijua nyumba na watu wake.

4. Usafi ni wa wote, wanaume wakiwemo

Zamu ya kuosha choo na kufagia ua huangukia wanawake, hata pale ambapo nusu ya wapangaji ni wanaume wasio na wake. Nimeishi katika nyumba ambayo mama mwenye nyumba alikataa jambo hilo. Kila chumba kilishika zamu yake, na kijana aliyekuwa kazini alimlipa mtu amfanyie. Uani palinukia sabuni, na maneno ya chini kwa chini yaliisha.

5. Sitara ina mpaka wake

Nyumba nyingi za zamani hazina dari, na kuta za vyumba huishia chini ya paa. Kikohozi, dua, mazungumzo ya ada na ya deni, vyote hupita. Majirani husikia, na asubuhi huamkiana kama hawakusikia kitu. Ni heshima kubwa wanayopeana watu waliobanana.

Lakini kipigo hakisitiriwi. Mwanamke au mtoto akilia kwa kupigwa, mlango ugongwe usiku huohuo na mjumbe aitwe. Nyumba ambazo watu walinyamaza kwa kisingizio cha mambo ya watu sikukaa humo kwa amani.

6. Msiba huwapa majirani undugu

Nilipofiwa na baba, sikujua nianzie wapi. Kabla sijamaliza kuwapigia simu ndugu, turubai lilikuwa limefungwa, mikeka imetandikwa, na mtu ameshika daftari la rambirambi. Waliokuwa wakizozana juu ya uniti walikuwa jiko moja wakichambua mchele. Hakuna aliyeulizwa dini wala kabila lake.

Nyumba hizi zinapungua; Kariakoo nyingi zimebomolewa kupisha ghorofa. Kuwa na choo chako na mita yako ni nafuu ya kweli, nami namtakia kila mtu aipate. Hata hivyo ngazi, taka, maji na ulinzi wa jengo hubaki vya pamoja. Anayehamia ghorofani ajue majina ya majirani zake, adai hesabu ya michango isomwe mbele ya wote, na akisikia msiba jengoni, ashuke mapema na mkono wa rambirambi.