Namba za Viatu na Urefu wa Unyayo

Hapana shaka umewahi kusikia mtu akisema, "Mimi navaa namba 6," na mwingine akajibu, "Mimi navaa namba 39." Ukiwasimamisha watu hao pamoja, huenda ukakuta kwamba nyayo zao zinalingana. Sokoni, hasa penye mitumba, viatu vya nchi nyingi huwekwa katika fungu moja, na kila nchi ina desturi yake ya kuhesabu. Tutachunguza jambo hilo kwa kupima.

Weka karatasi sakafuni, ukingo wake ukigusa ukuta. Vua viatu, kisha simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta. Usikae, kwa sababu unyayo hurefuka kidogo unapobeba uzito wa mwili. Mwombe mwenzako atie alama mbele ya kidole kilichotokeza zaidi. Si lazima kiwe kidole gumba. Penseli iwe wima, kwani ikiinama kipimo hakitakuwa sahihi. Pima kwa rula kutoka ukingo wa karatasi hadi kwenye alama. Fanya vivyo hivyo kwa mguu wa pili. Je, nyayo zako zina urefu sawa? Watu wengi huona tofauti ndogo. Chukua kipimo kirefu zaidi.

Tuseme umepata sentimita 22.5. Fundi hashoni kiatu juu ya mguu wako, bali juu ya kalibu, yaani kipande cha mti au cha plastiki chenye umbo la mguu. Kalibu huuzidi unyayo kwa sentimita 1.5 hivi, ili vidole vipate nafasi. Basi kalibu ya mguu huu ni sentimita 24.

Namba ya kiatu ni hesabu ya hatua. Ili kuielewa, ni lazima tujue hatua moja ina urefu gani, na hesabu inaanzia wapi. Katika Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, hatua moja ni 2/3 ya sentimita, na hesabu huanzia sifuri. Kwa hiyo tunazidisha urefu wa kalibu kwa 3, kisha tunagawanya kwa 2:

24 x 3 ÷ 2 = 36

Waingereza wana hesabu ngumu zaidi. Hatua yao ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Zamani inchi moja ilihesabiwa kuwa punje tatu za shayiri zilizopangwa kwa urefu. Hivyo hatua ni punje moja. Hesabu yao haianzii sifuri, bali inchi 4. Tena, viatu vya watoto vikifika namba 13, hesabu hurudi kwenye 1, na hapo huwa viatu vya watu wazima. Hapa ndipo wengi hupotea. Kalibu ya kiatu cha mtoto namba 5 ni sentimita 14.4, na ya mtu mzima namba 5 ni sentimita 25.4. Namba ni ile ile, lakini tofauti ni sentimita 11! Kalibu yetu ya sentimita 24 huangukia karibu na namba 3½ ya watu wazima. Wamarekani hutumia hatua hiyo hiyo, lakini kwa viatu vya wanaume namba yao kwa kawaida huzidi ya Waingereza kwa 1 hivi.

Wajapani huandika urefu wa unyayo wenyewe kwa sentimita: 22.5. Uko pia utaratibu wa kimataifa uitwao Mondopoint, unaotumia milimita: 225. Hutumika hasa kwa viatu vya jeshi na vya kuteleza thelujini. Ni jambo la kusikitisha kwamba haujaenea zaidi.

Mguu mmoja una mifupa 26, na mifupa yako bado haijakomaa. Kiatu kifupi huleta malengelenge, na kikivaliwa muda mrefu vidole huweza kupinda. Kwa hiyo ukimwagiza ndugu aliye mbali akununulie viatu, usimpe namba peke yake; mpe pia urefu wa unyayo kwa sentimita. Pima upya kila baada ya miezi michache, maana unakua.

Zoezi

Unyayo wa Juma una urefu wa sentimita 24.5. Tafuta namba ya kiatu chake kwa hesabu ya Ulaya. Juma ameletewa kiatu namba 37 cha hesabu hiyo. Tafuta urefu wa kalibu yake. Kalibu hiyo imeuzidi unyayo wa Juma. Je, kiatu kitamfaa? Eleza.