Uongezaji na Uenezaji wa Maarifa: Utata wa Maana katika Wasia wa James Smithson

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza maneno machache katika wasia wa James Smithson, mwanakemia na mtaalamu wa madini wa Kiingereza, ambao ulizaa Taasisi ya Smithsonian ya Washington, yenye makumbusho ya taifa ya Marekani. Hoja yetu ni kwamba utata wa maneno hayo ulichangia kuamua taasisi hiyo iweje na nani wahesabiwe kuwa warithi wake. Aidha, tunaonyesha kwamba anayeyatafsiri kwa Kiswahili hulazimika kufanya uamuzi ambao Smithson mwenyewe hakuufanya.

2.0 Usuli

Smithson alizaliwa Ufaransa mnamo 1765 hivi, nje ya ndoa. Aliandika wasia wake Oktoba 1826, akafariki Genoa, Italia, tarehe 27 Juni 1829. Mali yake alimwachia mtoto wa ndugu yake, kwa sharti kwamba akifa bila kuacha mtoto, awe wa ndoa au wa nje ya ndoa, yote iende Marekani, nchi ambayo Smithson hakupata kuikanyaga. Huko Washington ianzishwe, kwa jina lake, asasi ya kuongeza na kueneza maarifa miongoni mwa watu. Mrithi huyo alifariki 1835 bila mtoto. Bunge la Marekani liliukubali urithi huo mwaka 1836, na mwaka 1838 ziliwasili sarafu za dhahabu zaidi ya 100,000, zenye thamani ya zaidi ya dola 500,000. Mabishano kuhusu matumizi yake yaliendelea hadi sheria ya tarehe 10 Agosti 1846.

3.0 Nomino Mbili

Nomino mbili za Kiingereza zilizotumika katika wasia hazimdokezi mtenda. Ya kwanza yaweza kumaanisha hali ya maarifa kuwa mengi zaidi, au kitendo cha kuyafanya yawe mengi. Kiswahili hutenganisha maana hizo kwa unyambuaji. Kutokana na -ongezeka tunapata ongezeko, lisilodai mtenda. Kutokana na -ongeza tunapata uongezaji, unaomdai. Vivyo hivyo, -enea hutupa ueneaji, na -eneza hutupa uenezaji.

Mtenda huyo asiyetajwa ndiye aliyegombaniwa. Rufus Choate alitaka maktaba kubwa. John Quincy Adams alitaka kituo cha kuchunguzia nyota. Sheria ya 1846 haikuchagua: ilitaja makumbusho, maktaba, maabara ya kemia, jumba la sanaa na kumbi za mihadhara. Joseph Henry, katibu wa kwanza (1846-1878), alizisoma nomino hizo kama vitendo viwili tofauti: kuongeza ni kuchochea utafiti mpya, na kueneza ni kuchapisha matokeo. Kwa usomaji huo, makumbusho ya taifa yalikuwa mzigo ambao ungemeza fedha za utafiti. Msaidizi wake, Spencer Baird, aliyeajiriwa 1850, alielekea kwingine. Alikusanya vielelezo vya viumbe kwa wingi, akawa katibu mwaka 1878, na jengo la Makumbusho ya Taifa likafunguliwa 1881. Katika makumbusho, kielelezo kimoja huweza kuongeza maarifa kikiwa mikononi mwa mtafiti, na kuyaeneza kikitazamwa na umma.

4.0 "Watu" ni Nani?

Neno la tatu ni gumu zaidi. Kiingereza cha wasia kinatumia neno lile lile linalomaanisha ama wanaume ama wanadamu. Neno letu watu halibagui jinsia, na kwa hiyo tafsiri ya Kiswahili hulificha swali ambalo matini asilia huliacha wazi. Historia inaonyesha uzito wa swali hilo, tena si kwa upande wa jinsia tu. Mwaka 1846 utumwa ulikuwa halali mjini Washington, na ulibaki hivyo hadi 1862. Solomon Brown, Mmarekani mweusi, alifanya kazi katika taasisi hiyo tangu 1852. Lakini mwaka 1862 Henry alikataa Frederick Douglass, aliyekuwa ameutoroka utumwa, asihutubie katika ukumbi wake. Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi yaliidhinishwa kwa sheria mwaka 2003 na kufunguliwa 2016. Wasia haukubadilishwa hata neno; kilichopanuka ni orodha ya wanaorejelewa na neno moja.

5.0 Hitimisho

Utata wa wasia huu uliwapa wasimamizi nafasi ya kujenga mengi. Uliwapa pia nafasi ya kuwaacha wengine mlangoni. Fundisho kwa wanaoandika au kutafsiri katiba, wasia na hati za wakfu kwa Kiswahili ni kwamba viambishi vyetu vina uzito wa kisheria. Mwandishi anayechagua ongezeko ameacha kazi bila mwenyewe. Anayechagua uongezaji amekwisha kumdai mtenda, na hana budi kumtaja.