Kifua Kipana Si Cheti: Mafunzo Niliyopata Kigera

Vijana wa hapa Kigera hunijia wakitaka kuwa walimu wa mazoezi. Wengi wamejengeka kweli, tena kwa makopo yaliyojazwa saruji na bomba la chuma katikati. Juhudi hiyo naiheshimu. Ila mwili wako hauwezi kukwambia mwili wa mwenzako ukoje. Hilo ni la kusomea.

1. Uliza kabla hujampa mtu chuma.

Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, na wengi zaidi wamebeba kinasaba chake bila kujua. Mgonjwa akikimbizwa kwenye jua la saa nane bila maji, chembe nyekundu za damu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa midogo. Maumivu yake hayasimuliki. Hata aliyebeba kinasaba tu anaweza kuanguka na kufa akisukumwa kupita kiasi, na kwa macho utamwona mzima kabisa. Kwa hiyo namuuliza kila anayekuja: Kwenu kuna selimundu? Una kisukari, pumu? Kifua hubana ukipanda mlima?

Presha nayo napima. Mtu anakaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono umelazwa usawa wa moyo. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, narudia siku nyingine. Ikibaki hapo, anaanzia kituo cha afya. Kuna watakaonuna na kwenda kwa mwalimu asiyeuliza. Waende.

2. Pumzi ni sehemu ya zoezi.

Mtu akibana pumzi huku anainua mzigo, presha hupanda ghafla mno. Mama mmoja wa makamo, muuza dagaa, alikuwa akichuchumaa na kuinuka na ndoo ya mchanga, mashavu yamejaa hewa, mishipa ya shingo imesimama.

"Mama, toa pumzi unapoinuka."

"Nikitoa, mwalimu, nguvu zinaniishia."

"Basi hesabu kwa sauti."

Akahesabu. Huwezi kuhesabu kwa sauti na kubana pumzi kwa wakati mmoja. Tangu hapo wenye umri mkubwa wote nawahesabisha.

3. Maumivu ya kesho yake si asidi.

Karibu kila jimu utaambiwa misuli inauma kwa sababu ya asidi ya laktiki. Si kweli. Mwili huiondoa laktiki ndani ya saa moja au mbili, ilhali maumivu haya huja siku ya pili na ya tatu, kutokana na nyuzi za msuli zilizochanika kidogo, hasa kwa aliyeteremka mlima au kushusha mzigo polepole. Anayeamini habari ya asidi atamkimbiza mtu tena kesho yake ili "itoke". Nyuzi hizo zinahitaji mwendo mwepesi, chakula na usingizi.

4. Ile 220 toa umri ni makadirio.

Mtu wa miaka 40 hupewa mapigo 180 kwa dakika kuwa kikomo cha moyo wake, lakini kikomo halisi kinaweza kupishana na hapo kwa mapigo kumi na zaidi, juu au chini. Kwa anayeanza, mimi naangalia kama anaweza kuongea sentensi nzima akiwa mwendoni.

5. Fizikia ya kidato cha pili inatosha kuanzia.

Msuli wa mbele ya mkono umejishikiza sentimita nne hivi kutoka kiwiko. Kiganja kiko zaidi ya thelathini. Kilo 5 kiganjani zinaudai msuli uvute nguvu ya kama kilo 40. Kijana akilielewa hilo, haongezi uzito kwa kushindana na jirani.

6. Shule zipo.

Suleiman Nyambui, mwana wa Majita, alipata medali ya fedha ya mbio za mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Kipaji alikuwa nacho, na bado alikwenda kusoma chuo kikuu El Paso, Texas. Baadaye akawa kocha. Leo si lazima uende mbali hivyo. Chuo cha michezo cha Malya kiko Kwimba, Mwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Anayevutwa na kutibu majeraha aulizie fiziotherapia katika hospitali ya KCMC, Moshi. Baiolojia asiiache hata muhula mmoja.