Daftari la Kikundi ni Amana

Somo hili lisomwe kwa sauti mkutanoni, polepole, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

KISA

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja ofisi yetu iligawa unga na mbegu kwa familia zenye wagonjwa. Tuliandika orodha: jina, kijiji, idadi ya watoto, na mwisho kabisa, ugonjwa. Siku ya kugawa, orodha hiyo iliwekwa mezani pale mlangoni pa ghala, ili kila mtu atie sahihi au kidole gumba mbele ya jina lake. Basi kila aliyefika alisoma na ya jirani zake.

Zamu iliyofuata mama mmoja hakuja. Tulipomtembelea, alituambia kwamba watu wameacha kununua maandazi yake. Akasema, "Mimi niliwaambia ninyi. Sikuliambia soko."

Hakuna mtu aliyeiba karatasi, wala hatukuwa na nia mbaya. Ulikuwa uzembe tu. Lakini mama yule alipoteza riziki, na neno likishatoka halirudi.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Wengi wetu hudhani kutunza habari za watu ni kazi ya benki na serikali. Hebu fungueni daftari lenu. Mtaona namba za vitambulisho, namba za simu, majina ya watoto na warithi, nani ana mkopo, nani ameshindwa kulipa, nani aliomba msaada wa hospitali. Mwanachama hakuyatoa hayo ili asemwe. Aliyatoa kwa sababu bila hayo hapati mkopo wala msaada. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kikundi ndicho kata.

Kata ikivuja, madhara ni haya:

1. Aibu na kutengwa, kama tulivyoona katika kisa.

2. Wizi. Tapeli akipata jina kamili, namba ya kitambulisho na jina la kikundi, humpigia mtu simu akijifanya mweka hazina. Kwa kuwa anataja mambo ya kweli, huaminiwa.

3. Kutumiwa bila idhini. Mwezi wa Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na wao hawana habari.

4. Kikundi kudhoofika. Mtu akiogopa kusemwa, huficha shida zake na madeni yake. Hapo kikundi kinakopesha gizani, na fedha zinazopotea ni za wote.

SHERIA INASEMAJE

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inafafanua haki hiyo. Mtu ana haki ya kuambiwa habari zake zitatumiwaje, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa na kosa. Habari za afya, mali, ndoa na majina ya watoto zinahitaji uangalifu zaidi. Msidhani ni mambo ya kompyuta tu, kwani faili za karatasi zilizopangwa nazo zimo. Tena Sheria ya UKIMWI ya 2006 inakataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake.

Si maneno matupu. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

TUFANYE NINI

– Andikeni lile linalohitajika tu. Kabla ya kuuliza swali, jiulizeni: tutalifanyia nini jibu lake?

– Mwelezeni mwanachama sababu, naye akubali kwa hiari.

– Daftari likae kwenye sanduku lenye kufuli. Kubalianeni ni akina nani wanaolifungua, na muandike hivyo katika katiba ya kikundi.

– Hesabu za kikundi zisomwe mbele ya wote, kwani uwazi ni haki yenu. Sababu ya mtu kukopa, au ugonjwa wake, isisomwe.

– Msipige picha ukurasa wa daftari na kuutuma kwa simu.

– Mgeni akiomba orodha, awe mfadhili au mwanasiasa, aeleze kwanza ni ya nini, na wanachama waulizwe.

– Karatasi za zamani zisizohitajika zichomwe. Zisiende dukani kufungia sukari.

Sisi wenyewe tuliiondoa ile sehemu ya ugonjwa. Siku hizi kila familia ina kadi yenye namba, na hutia sahihi kwenye karatasi yake peke yake. Kazi inaendelea vizuri kama zamani. Ila mama yule hajarudi kikundini. Tunaendelea kumtembelea.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Daftari letu liko wapi usiku wa leo? Nani anaweza kulisoma?

2. Kuna habari gani ndani yake ambayo hatuihitaji?

3. Je, kuna mwanachama aliyeacha kuja bila kusema sababu? Nani atamtembelea?